Pudensiana na tochi aliyoizima Tukuyu

Saa kumi na mbili na nusu jioni, ukungu umeshashuka Tukuyu na manyunyu yameanza. Pudensiana Mwakibete anasimama chini ya ukuta wa boma la zamani la Wajerumani, mwavuli mkono wa kushoto, tochi mkono wa kulia, buti za mpira zimemfika magotini. Wageni wake wa leo ni watatu, watumishi wa serikali waliotoka Dodoma kikazi. Mchana wamekwenda kuona Daraja la Mungu, lile daraja la asili la mwamba, jioni hii hawana pa kwenda.

"Simu mifukoni jamani," anawaambia. "Mwanga wowote zimeni. Macho yakizoea giza mtauona mji. Mkiwasha simu mtaona simu tu."

Mmoja anacheka, anauliza kama hakuna vibaka. "Vibaka wa Tukuyu wanaogopa baridi, baba," anajibu Pudensiana. "Saa hizi wamejifunika blanketi kukuzidi wewe."

Wanacheka wote, wanaanza kutembea. Anawaambia waweke kiganja kwenye ukuta. Jiwe ni baridi na limelowa. Anawasimulia jinsi mawe hayo yalivyobebwa vichwani na vijana wa vijiji vya chini, na jinsi mji ulivyoitwa Langenburg Mpya kabla Mwingereza hajaja akaliondoa jina hilo. Anasimulia foleni za kodi, na wapagazi walioandikishwa wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, wakafungashwa mizigo, wakaondoka. Wengi mpaka leo hawajarudi kuzikwa migombani kwao.

"Mnyakyusa asiyezikwa migombani kwao, huyo bado yuko safarini," anasema. "Kwa hiyo mkisikia mtu anatembea nyuma yenu leo, msigeuke. Mpisheni tu."

Hapo kicheko kinapungua. Pudensiana anajua kazi yake.

Ana miaka arobaini na mmoja. Asubuhi huchuma chai kwenye mashamba ya watu, analipwa kwa kilo. Jioni anawatembeza wageni katika mji wa zamani kwa shilingi elfu tano kwa kichwa, saa moja na nusu, mwavuli wa kuazima juu yake. Wiki nzuri anapata wageni wanane. Masika anaweza kumaliza mwezi hajapata hata mmoja, na Tukuyu masika ni karibu nusu ya mwaka.

Lakini shida ya shilingi ameizoea. Linalomkosesha usingizi ni lingine. Mume wake, Ezron, anajiua polepole kwa kosa ambalo si lake. Kosa ni la Pudensiana, naye ndiye pekee nyumbani mwao anayelijua.

*

Ili uelewe, lazima kwanza ujue kwa nini mwanamke huyu anaujua mji wake usiku tu.

Pudensiana alizaliwa Igogwe, mtoto wa mama aliyekuwa akifua mashuka ya wagonjwa hospitalini. Aliolewa Tukuyu miaka kumi na tisa iliyopita, katika nyumba ya Mzee Ambindwile Mwakibete, fundi viatu. Wanyakyusa wa zamani wana heshima ya mkwe ambayo vijana wa leo wanaicheka: mke wa mtoto wako hakutazami usoni, hakutaji jina, hapiti njia moja na wewe, na wewe humkaribii. Nyumba nyingi zimeshaiacha. Nyumba ya Mzee Ambindwile haikuiacha.

"Yule mzee wetu akitaka kuingia uani anakohoa kwanza, mara mbili," anasimulia Pudensiana. Mpaka leo hamtaji jina, na aliponisikia mimi mwandishi nikilitaja aliinama akaanza kuchambua mboga. "Nikisikia kikohozi naingia jikoni, nageukia ukutani. Akipita, natoka. Miaka kumi na saba tuliishi hivyo, dada mwandishi. Uso wake sikuujua. Nilijua miguu yake, na kile kikohozi."

Kuna wazee hulegeza heshima hiyo wakishazaliwa wajukuu. Mzee alisema atailegeza mjukuu wa tatu akija. Wa tatu hakuja.

Sasa, mzee alikuwa na benchi lake la kushonea viatu karibu na maduka ya zamani ya Wahindi, katikati kabisa ya mji wa zamani. Kuanzia asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni alikuwa pale, kwa hiyo Pudensiana hakuweza kupita pale. Akitaka chumvi alizunguka kwa nyuma. Akitaka ofisi za boma alisubiri mzee aende msibani. Mji ulifunguka kwake jua likizama, mzee akishafunga benchi na kurudi nyumbani.

"Nilikuwa nikitoka nafanya matembezi peke yangu," anasema. "Watu walidhani nimechanganyikiwa. Nilikuwa natazama tu. Milango ile ya mbao, yale makaburi ya Wazungu yenye kuvu. Mchana vitu hivyo mimi sivijui. Ukinipeleka pale saa sita mchana nitapotea, haki ya Mungu."

Na hadithi alizipata wapi? Hapa Pudensiana anatabasamu kwa mara ya kwanza. Alizipata kwa mzee huyohuyo. Usiku, baada ya chakula, Mzee Ambindwile aliketi sebuleni akimsimulia Ezron habari za mji: nani alijenga, nani alifungwa, nani alichukuliwa vitani. Pudensiana alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa mbao, masikio wazi.

"Ezron alikuwa anasinzia," anasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nasikiliza. Na nadhani mzee alijua, maana kuna siku alikuwa anapaza sauti bila sababu."

Kazi yenyewe ilianza kwa bahati. Mwenye nyumba ya wageni mmoja alimwona akizurura, akamuomba awatembeze wageni wawili waliokuwa wamechoka kukaa chumbani. Wageni wakarudi wanasimulia. Tangu hapo, akipigiwa simu, anavaa buti.

*

Jioni ya tarehe kumi na tisa Aprili, miaka miwili iliyopita, mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Pudensiana alikuwa na wageni wawili, walimu waliohamishiwa wilayani mwezi huo. Mmoja wao, Mwalimu Nelson, mzaliwa wa Bukoba, bado anafundisha hapa, na alikubali kuzungumza.

Nyuma ya maduka ya zamani kuna uchochoro, na kando yake mtaro wa mawe wenye kina cha mtu mzima. Unavukwa kwa bamba moja la jiwe, upana wake hauzidi hatua mbili. Walipofika karibu na bamba, Pudensiana aliyekuwa mbele akamulika ili wageni waone pa kukanyaga.

Ndipo akasikia kikohozi. Mara mbili.

Mzee Ambindwile alikuwa amekwenda msibani Lupepo, gari likawachelewesha, akashuka stendi giza limeshaingia. Alikuwa akija upande wa pili wa mtaro kwa fimbo yake. Aliona tochi, akajua ni ya mkwe wake, maana kwa saa ile hakuna mwingine anayepita pale. Akakohoa kama siku zote.

"Alikohoa kunistahi," anasema Pudensiana, "na mimi nikazima kumstahi."

Alizima tochi na kugeukia ukutani. Hakufikiri. Miaka kumi na saba mwili ulikuwa umeshajifunza. Kumulika uso wa baba mkwe lingekuwa jambo la aibu hata kulisimulia. Mzee, ambaye macho yake yalikuwa yakiufuata ule mwanga, alibaki gizani hatua moja kabla ya bamba. Alikanyaga pembeni.

"Nilisikia fimbo kwanza," anasema. "Halafu yeye."

Kisha anachukua majani ya maboga na kuyachambua upya, yaleyale aliyokwisha kuyachambua.

Mwalimu Nelson anasema wao walidhani tochi imekufa. Walihangaika kutoa simu mifukoni, wakamulika, wakamwona mzee chini ndani ya maji, mguu umepinda. Nelson akateremka. Pudensiana alikuwa bado amesimama, uso ukutani, tochi mkononi, akipiga kelele kwa Kinyakyusa kuita watu. Hakugeuka. Hakuweza kugeuka. Mkwe hamtazami baba mkwe aliyelala chini nguo zimempanda, hata kama anakufa.

"Mimi nilikasirika," anasema Mwalimu Nelson. "Nilimwambia, mama, njoo ushike huku! Hakuja. Nikajisemea, hawa watu wana roho gani? Lakini mzee mwenyewe akanishika kola. Akaniambia, 'Mwambie asiwashe. Nguo zangu haziko sawa.' Sikuelewa. Asiwashe nini, wakati tochi imekufa? Nilikuja kuelewa wiki mbili baadaye, nimelala kitandani kwangu. Nikaamka nikakaa."

Mzee alivunjika nyonga. Alikaa hospitali siku nane. Pudensiana alipika uji kila siku, Ezron akaupeleka. Yeye mwenyewe aliishia getini.

Siku ya sita ndugu wakazunguka kitanda. Walitaka kujua: mwanamke alikuwa pale na tochi, ilikuwaje baba yao akaanguka? Mzee Ambindwile akawajibu kwa maneno machache. Tochi ya mkwe wangu iliishiwa betri. Asilaumiwe mtu.

Siku ya nane akafariki.

"Uongo huo ndio kitu pekee alichowahi kunipa kwa mkono wake," anasema Pudensiana, machozi yakimshuka bila kuyafuta. "Alijua nimezima. Alijua kwa nini. Akanifunika. Na mimi nikakaa ndani ya hilo blanketi kama mjinga, sikujua limemkaba nani."

*

Limemkaba Ezron.

Jumatatu ya wiki ile aliyoanguka mzee, Pudensiana alikuwa amempa mumewe shilingi elfu mbili anunue betri za tochi. Ezron, seremala, mtu wa masihara na marafiki wengi, alipita kilabuni na hela ikaishia pale. Alirudi akasema duka limefungwa. Jumatano Pudensiana akanunua betri mwenyewe, hakusema kitu. "Sikutaka ugomvi kwa ajili ya betri," anasema. "Ndoa ya miaka mingi unachagua vita."

Kwa hiyo baba yake aliposema betri ziliisha, Ezron alisikia hukumu yake. Alijua hela ile ilikwenda wapi. Hakumwambia mtu pale hospitalini. Alimwambia mkewe siku ya tatu ya msiba, amepiga magoti jikoni, analia kama mtoto: "Mama Tulia, mimi ndiye nimemuua baba. Nimemnywa baba yangu."

Na Pudensiana? Alinyamaza. Alimshika kichwa, akanyamaza.

Ni rahisi kumhukumu, na mwandishi wa makala haya alipolisikia hilo alikasirika waziwazi. Pudensiana hakujitetea. "Niliogopa," anasema. "Ukoo ungenirudisha Igogwe siku ileile, na wanangu wangebaki. Halafu nikajiambia, yule mzee ameshasema neno lake la mwisho. Nikilikana, namfanya marehemu muongo. Lakini nikinyamaza, namuua mwanawe. Nimekaa hapo katikati miaka miwili."

Miaka miwili hiyo Ezron hakushika randa. Karakana yake imeota majani. Mzee alizikwa nyuma ya nyumba, migombani, na kando ya kaburi Ezron amejenga kibanda cha majani makavu ya migomba. Analala humo. Si msimu wa kiangazi tu; analala humo Aprili, analala humo Juni baridi inapouma mpaka ng'ombe wanafunikwa magunia. Mara mbili amelazwa kwa nimonia. Mara ya pili, Machi mwaka huu, daktari aliwaambia wazi kwamba ya tatu hataivuka.

"Anasema baba alilala kwenye maji kwa ajili yake, na yeye atalala kwenye maji," anasema Tulia, binti yao wa kidato cha tatu. "Shangazi wamemwomba, mchungaji amemwomba. Anawaitikia vizuri kabisa, halafu usiku anatoka."

Aliyemsukuma Pudensiana aseme ni Mwalimu Nelson. Alimfuata mwezi uliopita kwenye shamba la chai, akamwambia mambo mawili: kwamba anajua, na kwamba hatasema. "Nilimwambia, mama, mimi mgeni, si kazi yangu," anakumbuka. "Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kifo chenyewe si chako."

Nilipomuuliza Pudensiana kwa nini anamweleza mwandishi kabla ya mume, alijibu haraka, kama aliyekuwa amelisubiri swali. "Kwa sababu wewe utaandika. Nikimwambia yeye peke yake nitarudi nyuma. Nitasema nilikuwa naota. Likishajulikana kwamba linaandikwa, siwezi kukimbia." Aliomba kitu kimoja: gazeti lisubiri mpaka Jumamosi ipite.

*

Jumamosi, saa moja kasoro jioni. Wageni ni watatu tena: mwandishi, Mwalimu Nelson, na Ezron Mwakibete, ambaye hajawahi hata mara moja kwenda kwenye matembezi ya mkewe. Amekubali kwa sababu Tulia amemlilia. Ni mrefu, amekonda, koti la marehemu baba yake linamning'inia mabegani. Kila hatua chache anasimama kukohoa.

Pudensiana anaongoza kama kawaida. Anawawekesha viganja ukutani. Anasimulia wapagazi, foleni ya kodi, tetemeko lililopasua kuta. Hadithi anazirukaruka. Njiani Ezron anasema taratibu, "Hizi ni hadithi za baba."

"Ni za baba," anajibu mkewe. "Wewe ulikuwa unalala."

Ezron anacheka kidogo. Kicheko kinageuka kikohozi.

Wanafika uchochoroni. Ezron anapouona mtaro anataka kurudi, Nelson anamshika mkono. Pudensiana anasimama mbele ya bamba, mgongo kwa mtaro, anawatazama. Hajafungua mwavuli. Mvua inamshukia usoni.

"Baba Tulia, zile betri nilinunua mimi," anasema. "Jumatano. Zilikuwa mpya. Tochi ilikuwa inawaka. Nilisikia mzee anakohoa, nikaizima, nikageuka. Alijua. Alisema vile ili mimi nisifukuzwe. Wewe huna kosa. Kosa ni langu, na miaka miwili nimekuacha ulibebe."

Sokoni kwa mbali kuna mtu anafunga mlango wa bati.

"Ilikuwa inawaka?" anauliza Ezron.

"Ilikuwa inawaka."

"Mimi nilipokuja pale jikoni. Nilipokupigia magoti." Anatafuta maneno. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Ezron anakaa chini, palepale kwenye matope. Anajifunika uso kwa koti la baba yake na analia kwa sauti ambayo hakuna mtu aliye tayari kuisikia kwa mwanaume mzima. Pudensiana anasogea, anapiga hatua mbili. Ezron anainua mkono mmoja kumzuia. Kisha anasimama, anamtazama mkewe kwa muda, anageuka na kuondoka kuelekea mtaa wa Bulyaga, ukungu ukimmeza kabla hajafika mwisho wa uchochoro. Kikohozi chake kinasikika muda mrefu baada ya yeye kutoonekana.

"Ndaga fijo, mwalimu," Pudensiana anamwambia Nelson. Kwa Kinyakyusa ni asante sana, na ndilo neno la kumpa pole aliyefiwa pia.

Jumanne Ezron alipokea simu ya mwandishi kwa sauti iliyokauka. Yuko kwa shangazi yake, Bulyaga. Aliulizwa kama habari hii iandikwe. "Andika," alisema. "Andika na jina langu lote. Andika kwamba betri zilikuwepo." Kuhusu kurudi nyumbani alisema hajui, na kwamba kwa sasa hataki hata kumsikia mkewe.

Ukoo umeitisha kikao Jumapili ijayo. Pudensiana ameshafunga nguo zake kwenye mfuko mmoja, endapo wataamua arudi Igogwe. Kazi ya jioni amesema ataiendeleza popote atakapolala, hata kwa kutembea kutoka Igogwe, maana hakuna mwingine anayezijua zile hadithi.

Lakini ukimuuliza anatumaini nini, hataji kikao wala wageni. Anasema shangazi amempigia. Ezron amelala usiku wa siku tatu mfululizo ndani ya nyumba, kitandani, dirisha limefungwa. Hazungumzi, lakini amekunywa supu.

"Hasira haina nimonia," anasema Pudensiana, anafuta mikono kwenye khanga. "Akija kunifukuza, aje. Akija kunirushia maneno mbele ya ukoo mzima, nitakaa chini nisikilize mpaka amalize. Aje na hasira zake zote, mradi aje amekauka."